Yusufu Aliyeamka Usiku



Masomo ya wiki hii ni Mathayo 1:18–25 na Mathayo 2:13–18. Tumezoea kuyasoma Desemba, watoto wa Shule ya Jumapili wakiwa wamejifunga kanga na vilemba kuigiza Bethlehemu, kisha tunayaweka kando mpaka mwaka mwingine. Nimeyaleta sasa, nje ya msimu wake, kwa ajili ya watoto wachanga wanaozaliwa na mama wanaoishi na VVU, na kwa ajili ya mwanamume mmoja aliyemo katika masomo hayo ambaye tumemhubiri kidogo mno.

Yusufu hana neno hata moja alilonena katika Injili zote nne. Mariamu anaimba, Zakaria anaimba, mzee Simeoni anaimba akiwa na mtoto mikononi; Yusufu tunamjua kwa matendo tu. Alipoona mchumba wake ana mimba isiyo yake, sheria ilimpa nafasi ya kumtoa mbele za watu, na adhabu iliyoandikwa katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22 ilikuwa kifo. Mathayo anamwita mtu mwenye haki, na papo hapo anatuonyesha haki hiyo ilivyofanya kazi: hakutaka kumwaibisha. Sisi mara nyingi tumedhani mwenye haki ndiye anayefichua. Baada ya ndoto ya kwanza aliamka, akamchukua mkewe. Baada ya ndoto ya pili, mtoto amekwisha kuzaliwa na Herode anamtafuta, hakungoja kukuche. Aliondoka usiku ule ule kwenda Misri pamoja na mtoto na mama yake. Katika habari ya safari hiyo, kwenda na kurudi, Mathayo anawataja hao wawili kwa pamoja mara nne, mtoto na mama yake, kana kwamba anatuzuia tusijaribu kumwokoa mmoja huku tukimwacha mwingine.

Herode aliagiza wauawe watoto wa kiume wa miaka 2 na walio chini ya hapo. Wauguzi wa kliniki za watoto wanaujua umri huo kwa sababu nyingine. Kinga ya mtoto aliyezaliwa na VVU haijakomaa, na asipopata matibabu virusi humvamia kwa kasi kuliko vinavyomvamia mtu mzima. Theluthi ya watoto hao hufa kabla hawajatimiza mwaka 1, na nusu yao hufa kabla ya kutimiza miaka 2. Mtu mzima anaweza kukaa miaka mingi bila dalili. Mtoto mchanga hana miaka hiyo. Wengi wanaokufa huanza kuzidiwa wakiwa na miezi miwili au mitatu tu, kwa homa ya mapafu na kuharisha.

Ninachotaka kusema wiki hii ni hiki: dawa ya kumkinga mtoto ipo, imefika mpaka kwenye zahanati za vijijini, inatolewa bure, na bado watoto wanaambukizwa kwa sababu mama anaachwa aibebe siri peke yake ndani ya nyumba inayomwogopesha. Anayekosekana ni Yusufu.

Naomba mnivumilie nieleze mambo yenyewe kwanza, maana hofu nyingi zilizomo makanisani mwetu zinakaa mahali ambapo maarifa hayajafika. Virusi humfikia mtoto kwa njia tatu: akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, na kwa kunyonya. Tumboni, damu ya mama na damu ya mtoto kwa kawaida hazichanganyiki. Kondo la nyuma linazitenganisha huku likipitisha chakula na hewa. Hatari huongezeka miezi ya mwisho ya mimba, na zaidi uchungu unapoanza, mtoto anapopita katika damu na majimaji ya mama yake. Kati ya watoto 100 wa akina mama ambao hawakupata huduma yoyote, wanaoambukizwa ni kati ya 15 na 45. Watu wengi hawaamini wakiisikia hesabu hiyo. Wamekwisha kukata shauri kwamba mama akiwa na virusi, mtoto lazima awe navyo, na kwa imani hiyo mbaya wapo waliomwacha mtoto bila kumpeleka popote, wakisubiri afe. Hata bila dawa, zaidi ya nusu ya watoto hao hawaambukizwi. Mama akitumia dawa za kufubaza virusi vizuri, idadi inashuka chini ya watoto 5 katika 100, kunyonyesha kukiwemo. Na yule aliyeanza dawa kabla hajashika mimba, akazimeza kila siku hata kipimo cha wingi wa virusi kisione kitu, hatari ya kumwambukiza mtoto tumboni au wakati wa kujifungua ni chini ya 1 katika 100.

Hatukufika hapa kwa urahisi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na kufikia 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa na wagonjwa. Wachungaji waliohudumu miaka iliyofuata wanakumbuka majeneza mafupi. Mwaka 1994 utafiti uliofanywa Marekani na Ufaransa ulionyesha kwamba dawa ya AZT inapunguza maambukizi kwa mtoto kwa theluthi mbili, ila ilihitaji vidonge wakati wa mimba, dripu wakati wa uchungu, na dawa kwa mtoto wiki 6. Hospitali zetu nyingi za wakati ule zisingeweza kuitekeleza. Kisha mwaka 1999 likatoka jambo hapa hapa kwetu, Afrika Mashariki. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, madaktari wa Makerere pamoja na wenzao wa Johns Hopkins walionyesha kwamba kidonge kimoja cha nevirapine kwa mama uchungu unapoanza, na dozi moja ya dawa ya maji kwa mtoto ndani ya saa 72, hupunguza maambukizi karibu nusu ukilinganisha na dozi fupi ya AZT. Kidonge kimoja! Mama angeweza kupewa kliniki, akakiweka, akakimeza nyumbani uchungu ukianza. Tanzania ilianza huduma ya kuzuia maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto kwa majaribio mwaka 2000, katika hospitali chache kubwa. Baadaye ilionekana kwamba dozi moja peke yake huacha virusi vyenye usugu, na yenyewe haimponyi mama. Inamwokoa mtoto leo na kumwacha yatima kesho.

Badiliko lililofuata lilitoka Malawi mwaka 2011, na napenda sana kulisimulia. Wakati ule mama mjamzito alianzishiwa dawa za kudumu baada ya kupimwa kinga yake kwa mashine ya CD4, na Malawi haikuwa na mashine za kutosha. Basi wakaamua kwamba kila mjamzito au mama anayenyonyesha aliyekutwa na VVU aanze dawa siku hiyo hiyo na aendelee maisha yake yote, kipimo kiwepo kisiwepo. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza utaratibu huo mwaka 2013, hasa kwa nchi zenye maambukizi mengi, na Tanzania ikaanza kuutumia mwaka huo huo. Nchi maskini iliufundisha ulimwengu, na fundisho lenyewe lilikuwa lile la Mathayo: mtoto na mama yake, pamoja.

Kwa hiyo mama anayekwenda kliniki leo anapimwa hudhurio la kwanza, na akikutwa na virusi anaanza kidonge kimoja kwa siku. Mtoto akizaliwa anapewa dawa ya maji ya nevirapine kila siku kwa wiki 6, na yule ambaye mama yake alichelewa kuanza dawa huongezewa dawa nyingine na muda zaidi. Muuguzi anayesoma haya anajua nimefupisha sana. Lakini vidonge vyenyewe vinabebwa kwenye pochi kutoka kliniki, vinaingia ndani ya nyumba, na hapo ndipo tabu inapoanzia.

Katika nyumba nyingi anayepimwa wa kwanza ni mwanamke, kwa sababu mimba ndiyo inayompeleka kliniki. Mume hajawahi kupima. Mke akirudi na majibu, anayekuwa na cheti cha ugonjwa ni yeye, na lugha ya nyumbani inabadilika: ameuleta. Hakuna anayejua nani ameuleta, na mara nyingi haiwezekani kujua, lakini aliyetoa damu kwanza ndiye anayehukumiwa kwanza. Utafiti wa taifa wa 2022–2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wazima Tanzania wanaishi na VVU. Kanisa lenye waumini mia tano wazima lina nyumba kadhaa ambamo jambo hili linaendelea wakati huu ninapoandika, wakiwemo wanakwaya na wazee wa kanisa.

Kwa hofu ya kupigwa, kufukuzwa au kunyang'anywa watoto, mama anaamua kuficha. Vidonge vinatolewa kwenye kopo lake kwa sababu linapiga kelele likitikiswa, vinafungwa kwenye kitambaa, vinawekwa ndani ya debe la unga au kwa jirani. Saa ya kumeza ikifika mume akiwa sebuleni, saa inapita. Wageni wakilala nyumbani wiki nzima, wiki nzima inapita. Kadi ya kliniki inaachwa kwa dada. Kliniki ya karibu inakwepwa kwa sababu wifi anapita hapo, na mama anapanda gari kwenda wilaya ya pili. Nauli ikikosekana, dawa zinakatika. Wiki chache za kukatika zinatosha virusi kuanza kupanda tena katika damu na katika maziwa. Mtoto haambukizwi na uzembe wa mama huyo. Anaambukizwa na hofu iliyomo nyumbani mwake, na hofu hiyo ina watu walioitengeneza.

Jambo la kunyonyesha linaihitaji nyumba nzima zaidi kuliko yote. Zamani akina mama wenye VVU waliambiwa waache kunyonyesha ikiwezekana, na nchi zilizoweza ziligawa maziwa ya kopo. Botswana ilifanya hivyo kwa nia njema, na mwaka 2006, baada ya mvua kubwa kuchafua maji, watoto wengi waliokuwa wakinyweshwa maziwa hayo walikufa kwa kuharisha. Tafiti za Durban na za Zimbabwe zilionyesha jambo jingine: anayepewa maziwa ya mama tupu miezi 6 ya kwanza yuko salama kuliko anayechanganyiwa maziwa ya mama na vitu vingine. Leo ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mama anayemeza dawa zake vizuri anyonyeshe maziwa yake tu kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonyesha pamoja na chakula kingine, hata kufikia miaka 2.

Sasa mweleze bibi. Mtoto analia usiku, bibi anasema maziwa hayamtoshi, apewe maji ya vuguvugu, apewe uji mwepesi, apewe dawa ya chango. Mkwe aliyezaa mwezi uliopita atapata wapi ubavu wa kumkatalia mama mkwe wake ndani ya nyumba ya mama mkwe, bila kusema sababu? Hawezi. Mume akisema neno moja tu, "Mama, daktari amekataza, tumwachie ziwa," mjadala umekwisha. Sentensi hiyo moja ya mwanamume inaweza kumkinga mtoto, naye hawezi kuitamka kama hajui, na hawezi kujua kama mkewe anamwogopa.

Lipo pia jambo ambalo wanaume hatupendi kulisikia. Baadhi ya watoto wanaoambukizwa ni wa akina mama waliopimwa wakiwa wajawazito na kukutwa salama kabisa. Walipata virusi baadaye, wakiwa na mimba kubwa au wakinyonyesha, na mtu anapoambukizwa upya virusi huwa vingi mno mwilini, kwa hiyo hatari kwa mtoto ni kubwa kuliko kawaida. Ndiyo maana kliniki inampima mama tena mimba ikikomaa, na tena akinyonyesha. Mume anayetoka nje ya ndoa mkewe akiwa na mimba au akiwa na mtoto mchanga, na kurudi bila kupima, anamletea hatari mtu ambaye hata jina hajapewa. Nasema hili kama mchungaji na kama mwanamume. Uaminifu wa ndoa tumeufundisha kama heshima ya wazazi wawili; tuufundishe pia kama ulinzi wa mtoto.

Mathayo hakuandika juu ya hospitali, najua. Lakini soma jinsi Yusufu alivyoshughulika na aibu. Aliamini jambo ambalo majirani wasingeliamini. Alikubali kuonekana mjinga Nazareti. Alimpa mtoto jina, maana yake alimfanya wake mbele ya sheria. Kisha, hatari ilipokuja, hakusema kwamba mambo ya watoto ni ya wanawake. Kliniki zetu zinawaomba akina baba wafike na wake zao hudhurio la kwanza, na bado wapo akina mama wanaolazimika kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa kuomba barua ya kueleza kwa nini mume hakuja. Wanaume wa Kikristo wamo katika barua hizo.

Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu wakamwuliza Yesu nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili na akaelekeza macho yao kwenye kazi ya Mungu iliyopaswa kufanyika kabla usiku haujaingia. Nabii Ezekieli naye, sura ya 18, aliwakatalia watu waliozoea kusema kwamba watoto wanaadhibiwa kwa yale waliyokula baba zao. Pamoja na maandiko hayo mawili kuwa wazi hivyo, bado tunasikia katika misiba na katika vikao vya ukoo swali lile lile la wanafunzi. Mtoto wa miezi mitatu hana historia ya kuchunguzwa. Na mama yake, vyovyote alivyoupata ugonjwa, alipokwenda kliniki na kutoa mkono wake uchomwe sindano kwa ajili ya mtoto, alifanya tendo la imani ambalo wengi wetu tunaomcheka hatujalifanya.

Wachungaji wenzangu, nawageukia sasa, na nitakaa hapa kidogo. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni kwa kilomita nyingi. Walikuwemo watu wanaoishi na VVU, na miongoni mwao walikuwemo walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Mwasapile alifariki mwaka 2021 na simhukumu; Mungu anaijua mioyo. Lakini jambo lile halikuishia Loliondo. Kila Jumapili, mahali fulani, mtu anaambiwa madhabahuni kwamba ameponywa, na kumeza kidonge jioni itakuwa dalili ya kutokuamini. Akiwa mwanamume mzima, amejidhuru mwenyewe. Akiwa mama mjamzito au anayenyonyesha, tumemhukumu na mtoto wake ambaye hakuomba muujiza wowote.

Naamini Mungu anaponya. Nimeomba na wagonjwa na nitaendelea kuomba. Lakini Yusufu, aliyeoteshwa na malaika, aliyekuwa na Mwana wa Mungu mwenyewe nyumbani mwake, hakukaa Bethlehemu akidai ahadi. Aliondoka akaenda mpaka Misri, na kutii kwake kulikuwa ndiyo imani yake. Mama anayemeza kidonge saa tatu kila usiku anatii vivyo hivyo. Tumwombee wakati anameza. Anayesema amepona aende akapimwe, na daktari ndiye atakayemwambia kama aache, kama Yesu alivyowatuma wenye ukoma wakajionyeshe kwa makuhani.

Na jambo la siri. Katika mafundisho ya ndoa makanisa mengi huwataka wachumba wapime. Ni vema wapime. Lakini majibu ni yao wawili. Hayapaswi kulala kwenye faili la ofisi ya kanisa, wala kupita katika kikao cha wazee. Mchungaji aliyepewa siri na mama halafu akaitumia kama mfano wa mahubiri, hata bila kutaja jina, amewafunga midomo akina mama wote waliokuwa wamekaa pale. Yusufu alitaka kumwacha Mariamu kwa siri kwa sababu alijua mdomo wa watu unaua.

Mtoto akifikisha wiki 4 hadi 6 apelekwe apimwe. Vipimo vya kawaida havifai kwake, kwa sababu askari wa kinga wa mama yake hubaki katika damu yake mpaka kiasi cha miezi 18, na kipimo kinaweza kuwakuta hao tu. Kwa hiyo anachomwa kisigino, matone ya damu yanakaushwa kwenye karatasi maalumu, nayo inapelekwa maabara kutafutwa virusi vyenyewe. Majibu yakiwa salama, bado ataendelea kufuatiliwa mpaka apite miezi 18 na awe ameacha kunyonya. Akikutwa na virusi, aanze dawa mara moja. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kuwaanzishia dawa wachanga mapema, bila kungoja waugue, kulipunguza vifo vyao kwa asilimia 76. Mama asiyekuwa na mtu wa kumsindikiza siku ya majibu ndiye anayeelekea kutorudi kuyachukua.

Dawa za watoto nazo zilikuwa mateso. Miaka mingi walipewa dawa ya maji chungu mno, iliyotaka kutunzwa kwenye baridi katika nyumba zisizo na jokofu. Mtoto aliitema, mama akalia naye. Tangu mwaka 2021 nchi nyingi za Afrika zimeanza kupokea kidonge cha dolutegravir kinachoyeyushwa ndani ya maji kidogo, chenye ladha ya matunda. Namshukuru Mungu kwa kila mtu aliyekaa maabara akafikiria ulimi wa mtoto.

Tarehe 1 Februari 2023 wawakilishi wa nchi 12 za Afrika, Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zikiwemo, walikutana Dar es Salaam wakaahidi kumaliza UKIMWI kwa watoto ifikapo mwaka 2030. Kazi iliyobaki inaonekana katika hesabu za Umoja wa Mataifa za mwaka huo huo wa 2023: ulimwenguni watoto wapatao 120,000 waliambukizwa, na wapatao 76,000 walikufa kwa magonjwa yatokanayo na UKIMWI. Maambukizi yamepungua kwa zaidi ya nusu tangu 2010. Hata hivyo, mwaka huo wa 2023 watu wazima wenye VVU waliokuwa wakipata dawa walikuwa asilimia 77, watoto asilimia 57. Na mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake kwa ghafla, kliniki nyingi za Afrika ziliyumba, nyingine zikapoteza wahudumu waliokuwa wakiwatafuta majumbani akina mama walioacha dawa. Kanisa haliwezi kununua dawa za taifa. Kulipa nauli ya mama mmoja kwenda kliniki, au kumpa posho mama anayeishi na VVU ambaye amelea mtoto salama ili awashike mkono wenzake, linaweza. Mifuko yetu ya diakonia iko wapi?

Wapo pia watoto waliozaliwa na VVU na sasa ni vijana. Wameketi kwenye kwaya zetu, wamesoma, wengine wanataka kuoa na kuolewa. Anayemeza dawa zake virusi vikafubaa kabisa hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa, na anaweza kuzaa mtoto asiye na virusi. Wazazi wanaowakatalia ndoa kwa kupiga magoti na kulia wanahitaji kufundishwa, na nawaomba wachungaji wawafundishe kwa upole.

Kwa hiyo wiki hii nawaomba wanaume mambo machache. Kama mkeo ni mjamzito, mwulize tarehe ya hudhurio lake linalofuata, nenda naye, mpime pamoja. Kama anayo siri ya kukwambia, mwonyeshe mapema, kabla hajasema, kwamba hutamfukuza wala kumpiga. Kama mnajua hali yenu tayari, kumbuka saa ya dawa yake kama unavyokumbuka saa ya taarifa ya habari. Zungumza na mama yako kuhusu maji na uji. Nanyi akina bibi, mtoto wa mwanenu atalia. Mbembelezeni, msimpe kitu mpaka atimize miezi 6. Dada uliyeficha vidonge, endelea kumeza, usikose hata siku moja, na umtafute muuguzi au mchungaji unayemwamini akusaidie kupanga namna ya kumwambia mwenzako ukiwa salama. Mwenye mtoto ambaye hajapimwa, zahanati inafunguliwa Jumatatu asubuhi. Huduma ni bure. Mpelekeni.